Jumuiya za Wajuzi wa Hatari za Kazi katika Mwambao wa Mwanza

Neno ajali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya muda uliokadiriwa na Mungu, yaani siku ya kufa ambayo mja haijui wala hawezi kuikimbia. Maana hiyo ingalimo katika lugha, nayo ndiyo iliyozaa kauli ya watu wote kwamba ajali haina kinga. Lakini neno hilo hilo ndilo litumiwalo kwa mkono uliokatwa na mashine, kwa machimbo yaliyoporomoka, na kwa meli iliyopinduka. Basi mtu ambaye kazi yake ni kuzuia ajali huianza siku yake akiwa amekwisha shindwa na msamiati: ataka kuweka kinga mahali ambapo kauli ya wazee yasema kinga haipo.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba watu waliosema hivyo waliishi hivyo. Katika nchi ya Mwanza na mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, watu waliofanya kazi za hatari walikuwa tangu zamani na vyama vyao, na ndani ya vyama hivyo mwenye ujuzi alimfundisha asiye na ujuzi, na aliyeumia aliangaliwa na wenziwe wa kazi kabla ya kuangaliwa na mtu mwingine. Habari za vyama hivyo zimeandikwa mara nyingi kama habari za ngoma na uganga. Zimeandikwa kwa nadra kama habari za kazi. Makala haya yazifuata kwa njia hii ya pili, kutoka porini hadi kwenye njia za misafara, viwandani, na mwisho ziwani, ambako gharama ya ujuzi usiofika kwa wahitaji ilionekana wazi mwaka wa 1996.

Chama kinachostahili kutangulizwa ni Buyeye, chama cha washika nyoka wa Kisukuma, ambao kila mmoja wao huitwa nyeye, na wote kwa pamoja Bayeye. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala katika jarida la Africa mwaka wa 1946. Frank Gunderson naye, katika kitabu chake juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma kilichotolewa mwaka wa 2010, ameziweka nyimbo za wawindaji wa nyoka bega kwa bega na nyimbo za wawindaji wa tembo, yaani Bayege, za wawindaji wa nungu, yaani Banunguli, na za wapagazi, wakulima na askari. Mpango huo wa kitabu ni hoja yenyewe. Mtu akizitazama jumuiya hizo zote kwa pamoja, huona kwamba zilijengwa juu ya kazi, wala si juu ya ukoo wala utawala wa ntemi. Na kwamba kazi zile za kwanza tatu zilikuwa kazi ambazo mjinga hufa nazo siku ya kwanza.

Aliyetaka kuingia Buyeye alilipa ada, akapelekwa porini, akafundishwa aina za nyoka, tabia zao, na mizizi ya dawa. Alichanjwa, dawa ikasuguliwa katika chale. Baada ya hapo alikuwa na wajibu wa kumtibu aliyeumwa na nyoka, naye alipata haki ya kupokea ujuzi kutoka kwa wenziwe, kwa kuwa dawa zilibadilishwa na kununuliwa baina ya wanachama. Haifai kudai kwamba chale zile zilizuia sumu. Sayansi haijathibitisha hivyo, na leo aliyeumwa na nyoka hupasa kufikishwa hospitali upesi. Lakini elimu ya mwenendo wa nyoka ni jambo jingine. Kujua ni nyoka yupi hukimbia na yupi hungoja, ni pango lipi hukaliwa na ni saa ipi hutoka, na namna ya kumshika asigeuke: hayo ndiyo yaliyomfanya nyeye azeeke katika kazi yake. Ujuzi huo haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa chama, ukahifadhiwa katika nyimbo ambazo mwanafunzi hakuweza kuzisahau kwa sababu alizicheza kwa mwili wake wote.

Banunguli walikuwa na shughuli ya ajabu zaidi. Nungu hukaa ardhini katika mashimo marefu yenye njia nyingi, na mwindaji huingia humo kwa tumbo, mahali ambapo hawezi kugeuka, ilhali hewa ni haba, udongo waweza kuanguka, na nyoka hupenda kujificha humo humo. Kila mtu aliyewahi kushuka katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita ataitambua orodha hiyo ya hatari bila kuhitaji mkalimani. Mwenzi aliyebaki nje ndiye aliyekuwa uhai wa aliyeingia. Hapo jumuiya haikuwa pambo la kazi. Pasipo mtu wa pili, kazi haikuwezekana kabisa.

Kuna upande wa pili ambao wasifiaji wa mila hupenda kuuruka. Buyeye ilikuwa na siri, na ujuzi wake ulikuwa na bei. Asiyelipa hakufundishwa. Ua ule uliwafanya wanachama waaminiane, kwa maana kila mmoja alijulikana aliyemfundisha, na mwongo aliweza kuaibishwa mbele ya wote. Lakini ua huo huo uliwaacha nje wakulima na wachungaji ambao ndio walioumwa na nyoka kila msimu. Swali la nani aingie na nani abaki nje halikuletwa na vyama vya kisasa.

Njia za misafara zilileta jumuiya ya namna nyingine. Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa karne ya 19, na John Hanning Speke alipolifikia ziwa karibu na Mwanza mwaka wa 1858, alikuwa amefuata njia ambayo wao waliijua zamani. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila 2 hivi, yaani ratili 70, kwa siku nyingi mfululizo, akipita katika nchi za kiu, ndui, na vita. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka wa 2006 juu ya wapagazi wa Tanzania, ameonyesha kwamba watu hawa hawakuwa kundi la watu wanaosukumwa tu, bali wafanya kazi wenye desturi, heshima na sheria zao. Walikula katika kambi ndogo ndogo. Kirangozi alitangulia na kuonya juu ya yaliyo njiani. Na juu ya yote hayo palikuwa na utani.

Utani umeandikwa sana kama mchezo wa maneno. Kwa mpagazi ulikuwa bima. Msukuma au Mnyamwezi aliyeugua njiani, mbali na ndugu zake, katika nchi ya Wazaramo au Wazigua, alikuwa mgeni asiye na mtu. Lakini akiwa na mtani, alikuwa na mtu wa kumpa maji, kumlaza, na akifa kumfukia. Mtani alikuwa na haki ya kumtukana mtani wake na wajibu wa kumzika. Haukuhitaji karatasi, wala haukuvunjika kwa sababu ya umbali, kwa kuwa ulifungwa baina ya makabila mazima na si baina ya watu wawili waliojuana. Jumuiya ya watu wasioonana, waliounganishwa na hatari ya kazi moja, si uzushi wa zama hizi.

Katika msafara alikuwamo pia mnyampara, na historia ya neno hili yastahili kutuliwa kidogo. Katika Kinyamwezi lilikuwa jina la heshima, la mzee au mkubwa wa watu. Na njiani mnyampara alikuwa mtu aliyewaongoza wapagazi wa kwao, akasema kwa niaba yao mbele ya mwenye mali. Likapita katika Kiswahili kama mnyapara. Kisha likahamia katika mashamba ya mkonge, barabara na magereza ya wakoloni, na huko likawa jina la msimamizi ambaye kazi yake ni kuwahimiza watu kwa niaba ya mwenye mali. Neno halikubadilika ila herufi moja. Mtu aliyeitwa kwa neno hilo aligeuka akatazama upande mwingine. Katika mgeuko huo mdogo yamo mengi ya yaliyousibu usalama wa kazi katika karne ya 20: aliyejua hatari na aliye na amri hawakuwa tena mtu mmoja.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda pwani pasipo kuzunguka ziwa hadi Kisumu. Viwanda vya kuchambua pamba vikaongezeka katika Usukuma. Palikuwa na mikanda inayozunguka bila kifuniko, vumbi jeupe lililojaa hewani, marobota mazito, na hofu ya moto isiyokwisha. Wafanya kazi wengi walikuwa wa msimu. Walikuja baada ya mavuno, wakaondoka kulima. Jambo hili la msimu lilikuwa na madhara ambayo hayaonekani katika hesabu. Mtu aliyejifunza mwaka huu namna ya kusimama karibu na mashine, mwakani hakuwapo, na mahali pake alisimama mwingine anayeanza upya. Hapakuwa na chama cha kumrithisha. Wala wale basumba, vijana waliolima pamoja vijijini chini ya nsumba ntale wao, hawakuingia kiwandani kama kundi. Kila mmoja aliandikwa peke yake, kwa jina lake na namba yake.

Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya fidia kwa walioumia kazini mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka wa 1950 ikatunga Sheria ya Viwanda, sura ya 297 ya sheria za Tanganyika, iliyofuata sana mfano wa sheria za viwanda za Uingereza. Haikuwa sheria mbaya. Ilidai mashine zifunikwe, mitungi ya mvuke ikaguliwe, na njia za kutokea zisifungwe. Lakini ilikuwa mazungumzo baina ya watu wawili, mkaguzi na mwenye kiwanda, nayo yalifanyika kwa Kiingereza. Mfanya kazi alitajwa ndani yake kama mtu wa kulindwa. Hakutajwa kama mtu ajuaye. Na hatari zilizokuwa nje ya kiwanda, za mkulima, za mchimbaji mdogo na za mvuvi wa ziwa, hazikuwa zake. Sheria hiyo ilidumu kupita uhuru wa mwaka wa 1961, ikapita Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, hata ikafutwa mwaka wa 2003.

Ugonjwa wa vumbi la pamba waonyesha vema ni kitu gani kilichokosekana. Mwenye kuvuta vumbi hilo kwa miaka, hasa katika viwanda vya kusokota na kufuma, huanza kubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, na siku zifuatazo hupata nafuu. Ndiyo sababu watu wa viwanda vya Lancashire waliunasibisha na Jumatatu. Baadaye nafuu haiji tena. Sasa mtu mmoja akibanwa kifua Jumatatu husema ana mafua. Watu 20 wakikaa pamoja wakalinganisha Jumatatu zao, wameuona ugonjwa kabla ya daktari. Uingereza ilianza kuutolea fidia mapema miaka ya 1940, yaani miaka mingi kabla ya kiwanda cha nguo cha Mwanza, kilichojulikana kwa jina la Mwatex, kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Elimu ilikuwapo duniani. Haikuwa imevuka bahari kwa lugha ya wale waliolivuta vumbi.

Si kwamba watu wa ziwa walikuwa hawajui kujumuika. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, vilivyounganishwa mwaka wa 1955 katika Shirikisho la Viktoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya namna hiyo katika Afrika, na chanzo kimojawapo cha vyama hivyo kilikuwa mizani. Wakulima waliwashuku wanunuzi kwamba wapunja uzito, wakataka pawe na mtu wao wa kupima. Walilinganisha hesabu zao, kijiji kwa kijiji, hata shaka ikawa ushahidi na ushahidi ukawa chama. Ushirika ulipojipatia viwanda vyake wenyewe, wenye chama wakawa ndio wenye mashine. Ratili za pamba zililindwa kwa bidii hiyo yote. Pumzi za waliochambua pamba hazikupata mizani ya kupimia.

Baada ya uhuru palitokea jaribio moja ambalo lilikaribia sana, nalo lilifanyika Mwanza. Mwaka wa 1968 serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO walianzisha katika mikoa minne ya ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake makuu yakiwa mjini Mwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima asifundishwe herufi tupu, bali afundishwe kusoma kwa njia ya kazi yake. Vikaandikwa vitabu vya pamba, vya ndizi, vya ufugaji, vya uvuvi, vyote kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1970 likatolewa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma. Na mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni 2 katika nchi nzima, katika vikundi vidogo vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikazungumza, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Mpango huo wa mambo wastahili kuangaliwa: kusikia, kusoma, kubishana, kutenda, na wote wakiwa watu wa hali moja. Ulihusu malaria, maji na vyoo. Lau ungalipelekwa kiwandani au kwenye mtumbwi, ungalihitaji kubadilishwa kidogo tu. Haukupelekwa. Kamati za wafanya kazi zilizowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1964 zilijulikana zaidi kwa mambo ya nidhamu na ya kufukuzwa kazi, na Mwongozo wa mwaka wa 1971 ulizidisha ugomvi na mameneja juu ya kiburi chao, jambo ambalo bila shaka lilikuwa na haki yake, lakini halikuifunika mikanda ya mashine.

Wakati huo huo jumuiya nyingine, ya mafundi, ilikuwa ikivunjika. Tangu mwaka wa 1948 reli na meli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, na fundi wa Kisumu na fundi wa Mwanza walikuwa watu wa kazi moja, wenye kanuni moja na karakana zinazojuana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa mwaka wa 1977, meli ziligawanywa, na mafundi pia. Vyombo huhesabiwa katika mgawanyo wa mali. Mazoea ya kuulizana hayahesabiwi.

Ilipofika mwaka wa 1987, wakaguzi wa viwanda, madaktari na wakemia wa Afrika Mashariki walipata tena mahali pa kukutana, ijapokuwa ni katika karatasi. Taasisi ya Afya ya Kazi ya Finland ilianza kutoa huko Helsinki jarida dogo la habari za afya na usalama wa kazi kwa nchi hizi, na mwaka wa 1991 likapanuliwa na kuitwa la Afrika. Umuhimu wake hauna budi kukirika. Mtu aliyekuwa peke yake katika mkoa mzima na kazi hii aliweza kujua kwamba mwenziwe wa Nairobi au Kampala ana tatizo la madawa ya mimea kama lake. Ndiyo jumuiya ya kwanza ya wenye taaluma hiyo katika eneo hili iliyojitambua kuwa jumuiya. Lakini ilisema Kiingereza, na kwa hiyo ua wa Buyeye ukasimama tena mahali papya. Wataalamu walisikilizana wao kwa wao kuvuka mipaka mitatu, ilhali mlango wa kiwanda, ambao kwa ndani wote husema Kiswahili, haukuvukwa.

Hapo ndipo yafaa kutaja asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Iliruhusiwa kuchukua watu 430. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, na hesabu nyingi husema kwamba waliokufa walizidi 800. Haikuzama mara moja. Ilielea chini juu, na waliofika walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ikatobolewa bati ya chini ili watolewe, na hewa iliyokuwa imenaswa humo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji na kuwapa pumzi waliomo, ikatoka kwa kishindo, meli ikashuka. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja baadaye kusaidia kutoa maiti.

Waliotoboa walikuwa wakitafuta kuokoa, na si haki kuwahukumu kwa ubaya wa moyo. Jambo lenye uzito kwa historia ni hili: habari kwamba chombo kilichopinduka hubebwa na hewa yake si siri ya wataalamu. Yajulikana kwa wazamiaji, kwa waunda meli, na kwa yeyote aliyewahi kukifudikiza kikombe ndani ya beseni. Katika mji wa bandari ya miaka mingi, wenye karakana ya meli na chuo cha uvuvi huko Nyegezi, hakika walikuwamo watu waliolijua. Hawakuwa wamewahi kukaa pamoja na wale ambao siku ile walikuwa na amri na patasi. Makaburi ya waliokufa yako Igoma, katika Nyamagana, na mnara wa kumbukumbu umesimama hapo.

Miaka iliyofuata ilileta taasisi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi uliundwa mwaka wa 2001, Sheria Na. 5 ya mwaka wa 2003 ikaifuta ile ya 1950 na kupanua wigo hadi kwa mahali pote pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka wa 2008, ikafuta ile ya kikoloni, na mfuko wake ukaanza kazi mwaka wa 2015. Sheria ya 2003 ina jambo moja jipya kabisa kwa nchi hii, nalo ni wawakilishi wa usalama na afya wanaotoka miongoni mwa wafanya kazi wenyewe, pamoja na kamati zao. Kwa mara ya kwanza sheria ilimtaja mfanya kazi kama mtu ajuaye.

Pamoja na taasisi yalikuja maneno, na si yote yaliyokaa vema. Usalama ni neno la amani na la kutopatwa na madhara, lakini kwa miaka mingi mtu wa usalama amekuwa na maana nyingine masikioni mwa Watanzania, hata afisa usalama aliyeingia kiwandani na daftari lake aliweza kukuta watu wamenyamaza ghafula. Hatari nayo ilibeba mambo mawili ambayo wataalamu wataka yatenganishwe, yaani kitu chenyewe kiwezacho kudhuru na uwezekano wa kudhuru. Ndipo likaja vihatarishi. Ni neno lililoundwa kwa kufuata kanuni, nalo limeenea katika ripoti na mafunzo. Katika mialo ya samaki husikika kwa nadra. Mvuvi husema upepo, wimbi, mtumbwi mbovu, na kwa kila kimoja ana majina mengi kuliko wakala.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ukerewe. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Siku ya tatu, tarehe 22, wazamiaji walimkuta fundi wa kivuko hicho akiwa hai, karibu na mashine, mahali penye hewa iliyonaswa, wakamtoa. Vivyo hivyo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia. Watu 24 walipona.

Watu hao ambao mara mbili wamekuwa waokoaji wa kwanza wa ziwa wamo katika kazi ambayo yenyewe huua mmoja mmoja, usiku, bila mnara. Wana vikundi vyao vya ufukweni vya kulinda rasilimali za uvuvi, ambavyo hushughulika zaidi na nyavu haramu. Na katika miaka ya karibuni shirika la EMEDO la Mwanza, likisaidiwa na chama cha waokoaji wa majini cha Uingereza, limeanza kushughulika nao juu ya kuzuia watu kufa maji. Wawakilishi wa usalama hawanao. Sheria ya 2003 humtaka mwajiri awateue pale ambapo waajiriwa wamezidi wanne, na mtumbwi wa sangara huondoka mwaloni na watu watatu au wanne.